"Restitution", "repatriation" au "return": lipi liende kwenye bango?

KalamuYaRuaha: Wakuu, habari za leo. Kesho kutwa napeleka bango kwa mchapaji. Kiswahili kimekaa, Kiingereza ndicho kimenikwamisha. Kwa kitu kilichochukuliwa na Wajerumani kikarudishwa, lipi linafaa kati ya hayo matatu?

Wakili_Mdogo: Kitu gani, mkuu? Ngoma, kiti, mfupa? Wasomaji ni kina nani? Bila hayo tunapiga ramli. Mimi nasimama na "restitution". Ni Kilatini, restituere, kusimamisha tena: haki ya mwenye mali inasimama pale ilipokuwa.

MamaKasulu: "Repatriation" liogopeni. Tuliwahi kufanya maonyesho ya ngoma za kale karibu na kambi, mwenzetu akalibandika mlangoni kwa herufi kubwa. Kule neno hilo lina maana moja tu: wakimbizi kurudishwa Burundi. Haikufika saa sita, kina mama wamejaa wanauliza orodha iko wapi, basi linaondoka lini. Mmoja alishafunga mizigo, watoto kawavalisha viatu. Tulilibandua, ila siku yote iliishia kutuliza watu.

KalamuYaRuaha: Ni fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe, lile la makumbusho ya Kalenga, Iringa. Wasomaji ni wanafunzi na watalii.

Mnyalukolo: Basi ni "repatriation", hakuna mjadala. Ndani yake mna patria, nchi ya baba. Mtwa (chifu) Mkwawa si mali ya kudaiwa mahakamani, ni mtu aliyerudi kwao.

Wakili_Mdogo: Kwao kwa nani? Soma Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246. Kurani ya Khalifa Uthman, kwa Mfalme wa Hijazi (nchi ya Makka na Madina), wameandika "restore". Fuvu, kwa serikali ya Uingereza, wameandika "hand over". Msahafu unarudishwa, kichwa cha mtu kinakabidhiwa mkoloni mwingine! Ujerumani ilipewa miezi sita, fuvu likaja 1954.

Mnyalukolo: Lakini Gavana Twining wa Tanganyika alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Wahehe walilipokea.

Pwani_Kusini: Twining alilichagua kwenye makumbusho kule Bremen, Ujerumani, kwa vipimo. Wapo wanaobisha kuwa si lenyewe.

Mnyalukolo: Hayo usiyalete hapa, kaka.

MamaKasulu: Mwanangu, andika "return". Mtoto wa darasa la saba ataelewa.

Pwani_Kusini: Na yule mjusi wetu (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa 1909 hadi 1913, yupo Berlin mpaka leo? Akidaiwa, ataandikiwa neno gani?

Wakili_Mdogo: Huyo ni "restitution", na uzi wake nafungua leo.