Saa ya taa za Nixie: nibaki na K155ID1 au nihamie kwenye transista?

Swali
Habari zenu, wataalamu. Nimeunda saa ya taa sita za IN-14 (taa za Nixie za kioo chenye gesi, ambamo kila tarakimu ni waya wake unaowaka, yaani kathodi), kila taa ikiendeshwa na chipu yake ya K155ID1 iliyokaa kwenye soketi, na umeme wa taa ni volti 170. Miezi miwili ilikwenda vizuri, lakini sasa, kwenye taa ya mwisho ya dakika, 8 inapowaka, nyuma yake 3 nayo huonekana kwa mbali, kama kaa linalozimika. Niliuziwa chipu hizi kama mpya, ila maandishi ya mbili kati yake yanafutika kwa kitambaa chenye spiriti. Je, ninunue nyingine za aina hiyohiyo?

Jibu la 1
Usinunue chochote kwanza. K155ID1 ni toleo la Kisovieti la chipu ya 74141 ya kuendesha taa za Nixie, na transista zake hazikuundwa kuhimili volti 170 zote: ndani yake mna kinga inayozuia kathodi iliyozimwa isipande zaidi ya takriban volti 60, jambo linalotosha kuizima, kwa kuwa taa ikishawaka hushikilia takriban volti 140 tu, na tofauti ya takriban volti 80 inayobaki haitoshi kuiwasha tarakimu iliyozimwa. Transista moja ikianza kuvujisha mkondo, kathodi yake hushuka, na tarakimu yake huanza kutoa mwanga hafifu ambao hukuuomba. Zima saa, hakikisha kwa mita kwamba kapasita ya volti kubwa imeisha chaji, kisha badilishanisha chipu hiyo na ile ya taa ya mwisho ya sekunde. Kivuli kikihama, kosa ni la chipu. Kikibaki palepale, safisha ubao, kwani mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) yasiyodhuru kwenye volti 5 huweza kupitisha mkondo kwenye volti hizi.

Jibu la 2
Naunga mkono jaribio hilo. Kwa uimara, mimi ningechagua transista za MPSA42, ambazo huhimili volti 300 na bado zinatengenezwa, hivyo hutegemei masalia ya maghala yanayopigwa chapa upya. Usiogope idadi: saa ya saa 24 haihitaji 60, kwa sababu makumi ya saa hutumia tarakimu tatu tu, na makumi ya dakika na ya sekunde sita sita, jumla 45. Rezista ya kiloohmu 22 kwenye kila besi (mguu wa kuiamuru transista) inatosha kwa miliampea 2.5 za IN-14.

Jibu la 3
Asiyetaka kulehemu transista 45 atumie chipu mbili za HV5622: kila moja ina matokeo 32 ya volti 220. Akumbuke tu kwamba upande wake wa mantiki unataka volti 12, si 5.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimebadilishanisha, na kivuli cha 3 kimehamia kwenye sekunde pamoja na chipu, ambayo ni mojawapo ya zile zenye maandishi yanayofutika. Nimeanza kuchora ubao wa MPSA42.