Kahawa chungu imeniondolea usingizi wa mchana, sasa hata wa usiku hauji

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Nina miezi mitatu tangu niache sukari, na soda zote nikaziweka kando. Kazi yangu ni kuhakiki hesabu kwenye kompyuta, na ikifika saa 8 mchana macho yananata, mstari mmoja nausoma mara nne. Nimehamia kahawa chungu: kikombe saa 1 asubuhi, kingine saa 8, na kazi zikibaki nyingi naongeza cha saa 11 jioni. Mchana nachangamka kweli. Shida ni kwamba nalala saa 4 usiku, halafu saa 8 nimekodoa macho mpaka alfajiri. Nilidhani kilichokuwa kikinisumbua zamani ni sukari. Nakosea wapi?

Jibu la 1: Hicho cha saa 11, mkuu. Kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, hupungua nusu kwa masaa 5 hivi, ingawa watu hutofautiana. Maana yake saa 4 usiku nusu ya kikombe chako bado iko kwenye damu, kiwe na sukari kisiwe nayo. Tena haikuondolei uchovu. Tukiwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayotuletea usingizi. Kafeini huwahi tu kukalia nafasi za adenosini kwenye ubongo. Ikishaisha, uchovu wote uliokuwa umezuiwa unakuangukia, nawe unatafuta kikombe kingine. Mimi sivuki saa 6 mchana, hata kazi inilemee vipi.

Jibu la 2: Cha saa 8 kibadilishe kiwe chai ya rangi. Kahawa ya kuchuja, kikombe cha mililita 240, ina miligramu 95 hivi za kafeini. Chai ni kama nusu yake. Ila kama damu yako ni pungufu, usiinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Jibu la 3: Punguza taratibu tafadhali. Mimi nilikata vikombe vinne kwa mkupuo, kesho yake kichwa kikanigonga siku mbili mfululizo.

Muulizaji: Asanteni sana. Leo siku ya nne bila kile cha jioni. Jana nimeshtuka mara moja tu, saa 10, nikalala tena. Kwa chai ya rangi macho yananata kidogo, lakini hesabu zinakaa sawa. Kichwa kinauma kwa mbali. Huwa kinachukua siku ngapi kutulia?

Jibu la 3: Ukinywa maji ya kutosha na cha asubuhi ukakiacha kilivyo, mara nyingi haifiki wiki.