Kikundi: Mivinjeni Watamu, Familia na Jirani 🐋

Jumatatu

Mama Riziki, 06:12: Asalam aleikum jamani. Nawakumbusha tena fomu ya kaunti, ya mradi wetu wa nyangumi. Yataka majina kumi na nambari za vitambulisho, mwisho Ijumaa. Ninayo manne, na moja ni la mume wangu.

Mama Riziki, 06:15: Mpango ni ule ule. Tufukue mifupa ya yule nyangumi aliyezikwa na Babu Shee, tuisafishe, tuisimamishe chini ya makuti pale mivinjeni. Mgeni alipa, anywa dafu, aelezwa habari za nyangumi. Dabaso wana kaa tu, na watu watoka Nairobi kuja kula sambusa zake.

Kadzo Saluni, 09:40: 👍🏾

Mama Riziki, 09:41: Kadzo, dole gumba si nambari ya kitambulisho.

Nahodha, 13:27: Julai mpaka Oktoba nyangumi wazima wapita hapo nje ya mwamba, watoka Antaktika kuja kuzaa. Mgeni aangalie mifupa ya nini?

Mama Riziki, 13:29: Kwa sababu ni kusi, Nahodha. Wageni wako wa juzi walirudi wametapika wote. Mifupa haina mawimbi.

Juma Boda, 13:30: 😂😂 Tukifukua tutapata ambari ile ya manukato? Mie kilo moja tu, niuze pikipiki

Nahodha, 13:34: Ambari ni ya yule mwenye kichwa kama gogo. Huyu wetu ni wa mapezi marefu, tena mtoto. Utapata uvundo.

Juma Boda, 13:35: Uvundo nao una wateja, mbona boti yako yajaa

Mama Riziki, 13:36: Jamani, IJUMAA.

Mwalimu Kahindi, 19:50: Samahani, nilikuwa darasani. Mfupa wa nyangumi ni nyara ya serikali. Bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, tutalala ndani sote kumi. Halafu mfupa wenyewe umejaa mafuta, huvuja miaka. Makuti yatanuka.

Juma Boda, 19:52: Basi tujenge nyangumi wa ndala, kama Lamu walivyolivika lile dau la Flipflopi. Ndala ziko tele mlangoni pa msikiti Ijumaa

Mwalimu Kahindi, 19:53: Wewe ndiye uliyechukua zangu!

Shangazi Unguja, 21:18: Mkishawaleta wageni, msije mkafanya ya Kizimkazi. Boti zawakimbiza pomboo, mgeni aruka majini, pomboo azama zake. Wekeni masharti kabla ya pesa.

Nahodha, 21:40: Na pesa atashika nani? Isiwe kama ya injini.

Mama Riziki, 21:41: Injini tena? Nilileta risiti mbele ya watu.

Nahodha, 21:43: Risiti tuliiona. Injini ndiyo hatujaiona.

Jumanne

Mjukuu wa Babu Shee, 05:58: Babu asema niandike kama anavyotamka:

"Yule mnyama nilishika koleo nikamzika mimi, kwa hiyo nina neno. Bahari ilipofanywa hifadhi mwaka 1968 tuliambiwa ndani ya mwamba hakuvuliwi. Tukatii, tukahamia nje, na huko nje wengine hawakurudi. Pa kuanikia nyavu palibaki hapo mivinjeni. Mkiweka mlango na tikiti, mvuvi ataingia kwa shilingi ngapi? Sijakataa nyangumi. Nauliza nyavu zitakwenda wapi."

Mama Riziki, 08:20: Tumesikia Babu. Shikamoo.

Mama Riziki, 11:05: Nani ana mahali pengine? Kando ya shule je, Mwalimu?

Mwalimu Kahindi, 15:32: Pana tope masika yote. Lakini nitamuuliza mwalimu mkuu.

Mama Riziki, 15:33: Na KWS utawaendea?

Mwalimu Kahindi, 17:10: Nitapita. Siahidi siku.

Kadzo Saluni, 17:48: Nambari yangu nimekutumia kando Mama Riziki. Ila kwenye pesa nisiandikwe

Mama Riziki, 17:50: Alhamisi baada ya alasiri, kwa Babu Shee. Kila mtu aje na kitambulisho. Nahodha umeona?

Nahodha, 20:14: Alhamisi niko baharini. Andika jina langu, sahihi nitatia nikijua mweka hazina ni nani.

Mama Riziki, 20:15: Basi sita, na nusu ya Nahodha. Juma yako i wapi?

Juma Boda, 20:16: Kitambulisho kiko kwa fundi wa simu, nilikiweka rehani 🙈