Kwa nini Marekani ina ubingwa wa sataranji wa wanawake, na ulianzaje?

Mwalimu wa Kayole

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kayole, na kila Jumamosi asubuhi ninasimamia kilabu cha sataranji chenye mbao sita, mmoja wao ukiwa umepoteza farasi mweusi, ambaye nafasi yake tumeijaza kwa kifuniko cha chupa ya soda. Juma lililopita tulikuwa tukipitia kwenye simu yangu mchezo mmoja wa ubingwa wa wanawake wa Marekani, ambao siku hizi huchezwa Saint Louis, ndipo msichana mmoja wa Gredi ya Sita akaniuliza: ikiwa sataranji haihitaji misuli, kwa nini wanawake watengewe mashindano yao? Nilimwahidi kwamba nitawauliza wanaojua. Ningeomba hasa historia ya mwanzo wake, kwa sababu mtoto huyu haridhiki na jibu la "ndivyo ilivyo".

Kitunda cha Pembeni

Mwalimu, swali la mwanafunzi wako ni la zamani kuliko ubingwa wenyewe. Kwanza aelewe kwamba mwanamke hazuiwi kushiriki ubingwa wa jumla wa Marekani akifikia kiwango. Ule wa wanawake ni mlango wa ziada. Ila zamani sheria ilikuwa jambo moja na kilabu kilikuwa jambo jingine. Katika karne ya 19 sataranji ilichezwa zaidi katika vilabu na mikahawa ya wanaume, na mwanamke aliyetaka mpinzani wa kweli mara nyingi alilazimika kumtafuta kwa njia ya posta.

Hapo ndipo anapoingia Ellen Gilbert wa Hartford, Connecticut, ambaye mimi humtaja kila ninapopata nafasi. Mwaka 1877 yalianzishwa mashindano ya posta baina ya wachezaji wa Marekani na wa Uingereza, naye akapangwa na George Gossip, Mwingereza aliyeheshimika sana katika mchezo wa aina hiyo. Kila hatua iliandikwa kwenye kadi, kadi ikavuka Atlantiki kwa meli, na aliyeituma akabaki kusubiri. Katika mchezo mmoja Gilbert alimtangazia Gossip kwamba mfalme wake angefungwa baada ya hatua 21. Katika mwingine alitangaza hatua 35. Anayedhani hilo ni jambo dogo na ajaribu kuhesabu hatua tano mbele bila kompyuta, kisha arudi atueleze alichokiona. Gossip naye hakununa, bali alimtabarukia Gilbert kitabu chake cha sataranji.

Mwaka 1894 wanawake wa New York walianzisha kilabu chao wenyewe. Ubingwa wa taifa ulikawia mpaka miaka ya 1930, na ulitokana kwa kiasi kikubwa na juhudi za Caroline Marshall, mke wa Frank Marshall, aliyekuwa bingwa wa Marekani tangu 1909 hadi alipouachia ubingwa huo mwaka 1936. Bibi huyu aliandaa mashindano ya wanawake katika kilabu cha mumewe mtaani Greenwich Village, New York, na mwaka 1937 Adele Rivero akawa bingwa. Mwaka uliofuata alishinda Mona May Karff, mzaliwa wa Bessarabia (eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni Moldova), ambaye alikuja kuutwaa ubingwa mara saba, wa mwisho ukiwa wa 1974. Gisela Gresser alimpita kwa mataji tisa, ingawa baadhi yake aligawana na wenzake. Mwambie mwanafunzi wako kwamba Gresser alijifunza mchezo huu akiwa mtu mzima mwenye zaidi ya miaka 30, safarini melini, kwa kitabu alichoazimwa na abiria mwenzake, na kwamba taji lake la mwisho alilitwaa mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 63.

Mama Zawadi, Umoja

Nashukuru kwa maelezo hayo, lakini naona ndugu yangu ameipamba picha kupita kiasi. Gresser na Karff walipokwenda Moscow kugombea ubingwa wa dunia katika majira ya baridi ya 1949 na 1950, wote wawili walimaliza katika nusu ya chini ya jedwali, na mshindi akawa Lyudmila Rudenko wa Muungano wa Kisovieti. Tangu hapo hadi 1991 taji hilo halikutoka mikononi mwa wanawake wa Kisovieti. Tofauti haikuwa akili. Kule kulikuwa na makocha, shule na fedha za serikali, na New York kulikuwa na ukarimu wa Bi Marshall na muda wa ziada wa wachezaji wenyewe.

Halafu kuna heshima. Lisa Lane, bingwa wa 1959, aliyeanza kucheza katika mikahawa ya Philadelphia, alitokea kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated mwaka 1961, jambo ambalo hakuna mchezaji yeyote wa sataranji, wa kiume wala wa kike, aliyekuwa amelipata kabla yake. Mwaka uliofuata Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alidai katika mahojiano kwamba angeweza kumpa mwanamke yeyote duniani farasi mzima, yaani aanze mchezo bila farasi wake mmoja, na bado amshinde. Akiwa katika mazingira ya namna hiyo, mwanamke anayejitengea ukumbi wake hajajidharau hata kidogo.

Kitunda cha Pembeni

Mama Zawadi, nakubali kuhusu Moscow, na ninaongeza kwamba Marekani ilipopanda ngazi ilipandishwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka huko huko kwa Wasovieti. Irina Levitina, aliyewahi kugombea ubingwa wa dunia mwaka 1984, alihamia Marekani na kuutwaa ubingwa wa huko. Irina Krush alizaliwa Odessa, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akawa bingwa mwaka 1998 akiwa na miaka 14, kisha mwaka 2013 akapata cheo cha Grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, kile kile wanachopewa wanaume kwa masharti yale yale. Medali ya kwanza ya timu ya wanawake ya Marekani katika Olimpiadi ya sataranji, yaani mashindano ya timu za mataifa, ile fedha ya 2004 huko Calvià, ilipatikana Susan Polgar, mzaliwa wa Hungaria, akiwa kwenye ubao wa kwanza na Krush akiwa mmoja wa wenzake.

Mwalimu wa Kayole

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nilimsomea msichana wangu habari za Ellen Gilbert, naye hakugusia tena suala la misuli. Aliuliza tu kama Gossip angeweza kudanganya kwamba kadi imepotea baharini. Kisha wenzake wakadai na wao wacheze kwa barua. Ikiwa humu yumo mwalimu wa Mombasa au Kisumu mwenye kilabu cha sataranji, naomba aniandikie kwa ujumbe wa faragha. Sisi tutachukua kete nyeupe, na hatua yetu ya kwanza tayari imeandikwa kwenye kadi. Imebaki anwani tu.