Msaada wakuu: uwanja wa kuchezea vijisanamu, nichukue turubai, mkeka wa mpira au bodi ya mchanga?

Kamanda wa Sebuleni
Wakuu habari za jioni. Mimi na jamaa zangu watatu hapa Dar tunacheza Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani wa majeshi ya vijisanamu na dadu. Miaka miwili yote tunachezea sakafuni kwenye marumaru, migongo imekwisha, na dadu zikidondoka usiku mpangaji wa chini anagonga dari kwa mpini wa fagio. Nataka uwanja wa kueleweka. Mechi ya kawaida inataka inchi 60 kwa 44, yaani kama sentimita 152 kwa 112. Meza yangu ya chakula ni 120 kwa 75. Ni chumba na sebule, kwa hiyo mchezo ukiisha kila kitu kiondoke, shemeji yenu apate meza yake.

Nimewaza turubai la kuchapisha kama mabango ya dukani, mkeka wa neoprini (mpira laini) wa kuagiza nje, au bodi niimwagie mchanga na gundi. Vitako vya jeshi langu, yaani vile vibao vya kusimamishia vijisanamu, nimevipaka rangi nyekundu ya jangwani. Karibuni.

Mzee wa Dadu
Mkuu, kabla ya kitambaa anza na cha kukitandikia. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4. Ipeleke kwa fundi Keko akukatie inchi 60. Upana una inchi 48, wewe unahitaji 44, hivyo unabaki na inchi 2 kila upande za kuwekea vijisanamu vilivyouawa na dadu. Kile kipande cha inchi 36 kwa 48 usikiache kwa fundi! Kuna michezo midogo ya familia hiyo hiyo: Combat Patrol inataka 44 kwa 30, Kill Team 30 kwa 22, zote zinaenea humo.

Unene milimita 12. Ukichukua 18 utatafuta mtu wa kukusaidia kubeba. Bodi ya inchi 60 mwambie aikate katikati ipite nyuma ya kabati. Bawaba za nini? Mkeka utafunika kiungo. Ila bodi itazidi meza kwa sentimita 23 hivi kila ubavu mrefu, mtu akiegemea kiwiko jeshi zima linaruka. Pigilia papi chini yake zikumbatie ukingo wa meza.

Bibi Brashi
Mchanga nimeshapitia, kaka yangu. Niliuchukua ufukweni, nikauchekecha, nikauosha maji matatu kutoa chumvi, nikaumwaga juu ya gundi nyeupe ya mbao. Picha zilitoka tamu. Tatizo ni kwamba nilipaka upande mmoja tu, bodi ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Paka pande zote mbili, hata kama wa chini hauonekani. Halafu kila mtu akisukuma kifaru chake, mchanga unakwangua rangi niliyoipaka wiki nzima.

Nikatengeneza na kilima, kwa yale mapovu meupe yanayofungiwa TV. Nikapuliza rangi ya kopo. Kikayeyuka mbele ya macho yangu. Povu lipake kwanza rangi ya maji kwa brashi, lifunike lote. Siku hizi uwanja wangu ni bapa, vilima naviweka juu na kuviondoa.

Mswahili Halisi
Bao lina mashimo 32 na halihitaji fundi. Endeleeni kuteseka.

Kijana wa Kariakoo
😂😂 Mswahili tuache.

Kamanda, nachapisha mabango, nikwambie ukweli. Turubai ni rahisi lakini omba lisilong'aa, la kawaida linaakisi taa hadi huoni kitu. Picha iwe na pikseli 9,000 kwa 6,600, ndogo ya hapo mawe yanageuka ukungu. Lizungushie bomba, ukilikunja mstari hautoki. Chini usiweke blanketi, vijisanamu vitayumba, tandika mkeka wa yoga. Neoprini ya milimita 2 inashinda yote hayo: haiakisi taa, haitelezi, inameza kelele. Kinachouma ni nauli na ushuru.

Na vitako vyekundu juu ya ardhi nyekundu? Hutaona jeshi lako. Chapisha kwanza kipande cha A4, simamisha askari watano, rudi hatua mbili uangalie. Mistari ya kupangia majeshi usiichapishe, inabadilika kila mechi. Weka vidoto pembeni kila inchi 6 kuanzia katikati.

Kamanda wa Sebuleni
MREJESHO: Nimechukua plaiwudi ya Mzee na turubai la Kijana, rangi ya kijivu ya magofu. Ile A4 iliniokoa, nyekundu ilimeza kikosi kizima. Bibi, nimepaka pande zote mbili, imenyooka mpaka leo. Neoprini nitaagiza bonasi ikitoka.

Jana tumemaliza raundi zote 5 na chini hakugonga mtu. Ila kile kipande cha inchi 36 kwa 48 sijakichezea bado. Shemeji yenu amekivisha shuka, anapigia pasi.