Naomba ushauri: mdogo wangu amenakili kazi ya mtu

Ndugu zangu, niko Bukavu. Mdogo wangu anatetea kazi yake ya mwisho chuoni wiki ijayo, na nimekuta kurasa nzima kazitoa kwa mwingine. Anaandika juu ya soko la Kadutu, hapa hapa Bukavu, lakini ukurasa mmoja bado unasema "hapa Kisangani"! Inaniuma sana. Nikimkanya ananijibu kwamba hata Martin Luther King alinakili na Chuo Kikuu cha Boston hakikumvua udokta. Kweli, tume ilithibitisha hivyo mwaka 1991. Lakini Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, mwaka 2011 alipoteza udokta na uwaziri. Nimwambie profesa wake, au nimbane kwanza aandike upya na ataje alikotoa? Muda utatosha kweli?