Viwanda 12 vya korosho: nini hasa kiliviua?

MdadisiWaKusini:
Wakuu, salaam. Kila uchaguzi ukikaribia wimbo ni uleule: tutafufua viwanda vya korosho. Najua vilijengwa 12 enzi za Mwalimu, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na najua vingi viliishia kuwa maghala. Ninachokosa ni mtiririko wa sababu. Mmoja atakwambia wizi, mwingine Ujamaa, mwingine soko huria la miaka ya 1990. Nini kilitangulia? Na zao liliporudi, kwa nini viwanda havikurudi nalo? Naomba wenye takwimu na ufundi. Siasa ina jukwaa lake.

Likombe:
Mkuu, panga miaka kwanza, maana hiyo peke yake inaumbua nusu ya hoja.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikienda India zikiwa ghafi. Wapangaji wakachora mstari unaozidi kupanda, wakajenga kuufuata: Tanita viwili vya Dar es Salaam (cha kwanza kilianza katikati ya miaka ya 1960), Kibaha, Mtwara, Likombe, Newala viwili, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea na Tunduru. Uwezo wa jumla ulikuwa kama tani 113,000 kwa mwaka. Ujenzi ukasogea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia hapo mavuno yalikuwa chini ya nusu ya yale ya 1973/74. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi. Hata kama kila korosho ya nchi hii ingepelekwa kiwandani, viwanda vingefanya kazi kwa sehemu moja ya saba ya uwezo wake. Kwa hiyo wanaosema soko huria ndilo lililoua wanamtuhumu mtu aliyefika msibani.

Kwa nini mavuno yalianguka? Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu Mtwara na Lindi, mikorosho ikabaki kilomita nyingi kutoka walikohamia. Mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori, korosho zinadondoka kwenye majani marefu hazionekani, na moto wa kiangazi unamaliza kilichobaki. Papo hapo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa Mei 1976, ununuzi wote ukabaki kwa mamlaka ya zao, CATA. Bei ya mkulima ilipangwa kwa kutanguliza gharama za mamlaka, naye akalipwa kilichosalia. Mtu wa Newala akaona muhogo unamlisha na korosho haimlipi. Akaiacha.

SalfaNaBomba:
Nakubaliana na @Likombe isipokuwa jambo moja: umeruka ugonjwa. Ubwiriunga ulitambuliwa rasmi nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndio unaoeleza kwa nini hata waliobaki karibu na mashamba yao hawakuvuna.

Ukungu huu hushambulia majani machanga na maua, mikorosho inapochanua wakati wa baridi na umande, kuanzia Juni hivi. Ua likishapata unga mweupe halifungi korosho, na mti unaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno huku majani yake yakionekana mazima. Mikorosho ya zamani ilipandwa ovyo, matawi yakafungana. Hewa haipiti, unyevu haukauki, ndipo ukungu unapostawi. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, kwa hiyo dawa ya kwanza ilikuwa panga: punguza miti, pogoa matawi ya chini.

Dawa ya pili ni salfa ya unga. Ushauri wa awali wa watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ulikuwa takriban gramu 250 kwa mti kila mzunguko, mara nne au tano, kila baada ya wiki mbili, kuanzia maua yanapochipua. Hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo ili unga ushike. Ukichelewa mzunguko wa kwanza, mitatu inayofuata ni hasara tupu. Sasa piga hesabu: miti 100, mizunguko mitano, ni kilo 125 za salfa ya kuagiza nje, nchi haina fedha za kigeni. Ndiyo maana zao halikuinuka mpaka miaka ya 1990, salfa ilipoanza kupatikana na wanunuzi binafsi waliporuhusiwa. Soko huria lina dhambi zake, ila kwenye mavuno lilisaidia.

FundiBoila:
Mavuno yalikuwa tatizo la kwanza. Mitambo ilikuwa la pili, nayo ingeviua viwanda hata kama korosho zingejaa hadi mlangoni.

Ilikuwa ya Kiitaliano na ya Kijapani, mikubwa. Korosho huchekechwa kwa ukubwa, hulowekwa unyevu, huchovywa kwenye mafuta ya maganda yaliyochemka karibu nyuzi 200, kisha hukatwa kwa visu au hurushwa zikapasuka. Baada ya hapo kiini hukaushwa kwenye oveni, hutolewa ganda la ndani, hupangwa madaraja na kufungwa kwenye debe la ratili 25.

Tatizo ni umbo. Kisu kimewekwa kwa ukubwa fulani, korosho yetu inatoka miti ya mbegu mchanganyiko, hakuna mbili zinazofanana. Iliyo ndogo inapita bila kukatwa, iliyo kubwa inakatwa pamoja na kiini. Mitambo hiyo ilikuwa ikitoa karibu nusu tu ya viini vikiwa vizima, wakati akina mama wa Kollam kule India, kwa kubangua kwa mkono, wanapita robo tatu bila shida. Kwenye soko hilo uzima ndio bei. Daraja la W320 maana yake viini vizima kama 320 kwa ratili; vipande vya korosho ileile vinauzwa bei ya chini sana. Yaani kiwanda kilikuwa kinanunua mali nzuri na kuishusha thamani kabla hakijaiuza.

Ongeza kwamba mafuta ya maganda yanakula chuma, vipuri vinatoka Ulaya na Japani, umeme wa kusini wakati ule ulikuwa wa jenereta za dizeli. Baada ya 1979, vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, nani angepata fedha za kigeni kwa ajili ya visu vya Mtama?

HesabuBaridi:
Wenzangu wameeleza kifo. Mimi nijibu swali la pili la mleta mada, maana ndilo linalotugusa leo. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Korosho zipo, tena kuliko wakati wowote wa Mwalimu. Bado nyingi zinapanda meli bandari ya Mtwara zikiwa ghafi.

Kinachokwamisha ni mtaji wa kuendeshea. Chukua kiwanda cha tani 10,000 kwa mwaka, bei ya mnadani tuseme shilingi 2,000 kwa kilo. Msimu unaanza Oktoba na kwisha kama Januari, kwa hiyo mbanguaji anatakiwa kuwa na bilioni 20 ndani ya miezi minne, kisha abangue mwaka mzima. Kwa wastani nusu ya mzigo iko ghalani muda wote: bilioni 10, riba ya asilimia 15, ni bilioni 1.5, yaani shilingi 150 kwa kila kilo ghafi. Kilo moja ya kiini inahitaji kilo nne hadi tano za ghafi. Tumia nne na nusu: shilingi 675 zimeliwa na riba kabla hujalipa mfanyakazi wala umeme. Msafirishaji wa ghafi anazungusha fedha zake kwa miezi miwili hivi. Kwa riba hiyohiyo gharama yake ni shilingi 50. Na wengi wao wanakopa nje kwa riba ndogo zaidi.

Juu ya hapo, korosho yetu inatoka wakati mashamba ya India hayana kitu, mavuno yao yanaanza kama Machi. Viwanda vya India na Vietnam vinaihitaji ili visisimame, na vinalipa ziada kwa sababu hiyo.

Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, iliyoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, imemsaidia mkulima kwenye mizani na kupunguza kangomba (ununuzi haramu wa bei ya kutupa), ingawa malipo ya awamu mbili yalileta balaa. Mnakumbuka ghasia za wakulima Liwale, Aprili 2013. Lakini kwa mbanguaji mnada ni ukuta. Anashindana kwa zabuni siku moja na mtu mwenye meli, hapewi awamu, na mzigo akishaupata ni lazima uwe na unyevu usiozidi asilimia 10, la sivyo utaoza ghalani kabla ya Juni.

MdadisiWaKusini:
Asanteni sana wakuu. @HesabuBaridi, sasa ushuru wa kusafirisha ghafi si ndio dawa? Na Msumbiji mbona waliambiwa waupunguze?

HesabuBaridi:
Ushuru wetu kisheria ni asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Mpaka kati ya hizo mbili ni bei ya kama dola 1,067 kwa tani: bei ikiwa chini ya hapo unalipa 160, ikizidi unalipa asilimia. Kwa dola 1,500 ni dola 225 kwa tani. Karatasini ni kinga nene kuliko pengo la riba nililolionyesha. Shida ni kwamba mnunuzi anautoa kwenye bei anayotaja mnadani, kwa hiyo anayeulipa hasa ni mkulima. Ungeeleweka kama fedha hiyo ingerudi kwenye salfa, miche na mikopo ya wabanguaji. Sehemu kubwa ilikuwa ikienda kwenye zao hadi sheria ilipobadilishwa 2018, zote zikapelekwa mfuko mkuu.

Msumbiji 1995 walishusha ushuru kwa sharti la Benki ya Dunia. Viwanda vikubwa vikafungwa, watu takriban 10,000 wakakosa kazi, na nyongeza aliyopata mkulima ilikuwa ndogo kwa sababu wafanyabiashara wa kati walikaa nayo. Lakini kumbuka viwanda hivyo navyo vilikuwa na mitambo mikubwa aliyoisema @FundiBoila. Vilivyoibuka baadaye Nampula vilikuwa vidogo, vya mashine za kukanyaga na mkono, uzima wa kiini ukiwa juu.

FundiBoila:
Nyongeza fupi. Novemba 2018 serikali ilinunua msimu wote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ghafi yote ikawa mikononi mwake, bado sehemu kubwa iliishia kuuzwa bila kubanguliwa. Mashine za kutosha hazikuwepo. Ukisikia "kufufua", uliza kwanza mitambo itakayofungwa inatoa asilimia ngapi ya viini vizima kwa korosho ya Tandahimba, si ya katalogi.

SalfaNaBomba:
Na uulize kama wamepima kwa korosho ya msimu mmoja wote. Ya Oktoba na ile ya Januari iliyonyeshewa ni mali mbili tofauti kabisa.